Tarakimu ya Mwisho

Idarusi, fundi wa kompyuta, hakuwa na kiyoyozi, hakuwa na msaidizi, hakuwa na miwani inayomfaa, na tangu Jumatatu hakuwa na usingizi. Programu mpya ya duka la dawa la Chumbageni ilikataa kuthibitika.

Kila faili, kompyuta ikilipigia hesabu, hutoa alama yake: herufi na tarakimu sitini na nne. Gusa nukta moja ndani ya faili, alama yote inageuka. Ikilingana na ile ya watengenezaji, faili ni halali.

Kompyuta ingeweza kulinganisha yenyewe kufumba na kufumbua. Mwenye duka, Mzee Tahiri, hakutaka.

"Mashine haijishuhudii," alisema. "Nataka watu wawili wenye akili timamu."

Basi Idarusi alisoma alama ya faili kwa simu, na Shemsa, binti wa Mzee Tahiri aliyesimamia tawi la Moa, akafuatisha kwenye karatasi ya watengenezaji. Kila siku walikwama kwenye tarakimu ya mwisho.

"Kwangu ni saba, kaka Idarusi."

"Jana ulisema tisa, dada!"

"Jana ulisoma mbio. Umekula lakini?"

"Nani wa kunipikia?"

"Ndiyo maana unababaika. Kesho tuanze upya, taratibu."

Alhamisi Mzee Tahiri alichemka. "Wiki nzima nauza dawa kwa kukisia! Kesho isipolingana, niandikie barua unieleze nani anakosea. Kama ni wewe, kazi huna."

Na nani angethubutu kumwandikia mzee yule kwamba anayekosea ni bintiye?

Ijumaa Idarusi alisoma kwa kituo, moja moja. Shemsa aliitikia, "Ipo... ipo... ipo..." mpaka ya mwisho.

"Hapo sasa! Kwangu ni nne."

Idarusi alikitazama kioo cha kompyuta. Kwa uchovu alikuwa amefungua faili jingine kabisa: mchezo wa karata. Alama yake ilikuwa nyingine, na bado Shemsa alikuwa ameitikia "ipo" mara sitini na tatu.

"Kaka? Umekata?"

"Nipo, dada."

"Basi kesho tena?"

Jioni ile aliandika barua, akaichana, akaandika nyingine. Aliifunga bahasha kwa gundi, akaandika juu yake jina la Mzee Tahiri. Hakumpa mtu wa bodaboda. Aliwakabidhi wajomba zake, kanzu zimepigwa pasi, wakaifikishe barazani kwa mzee na kungoja jibu la posa.