Kiti cha Mpiga Viola

"Hodi," alisema Rutaihwa kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu hakuna aliyemwitikia.

Ndani ya ukumbi wa usharika, hapo Muleba, wenzake watatu walikuwa wakipiga kwarteti za kale, muziki wa vyombo vinne, walizoachiwa na mmisionari mmoja: Kagaruki na Dativa kwenye fidla, Ildefons kwenye selo. Kiti cha nne hakikuwa na mtu. Viola ya Rutaihwa, ile fidla kubwa yenye sauti nzito, ilikuwa imelazwa juu yake. Tuni waliyoipiga watu huijua hadi Bukoba mjini, maana huiimba kanisani, lakini bila viola ilikuwa na pengo katikati, na pengo lile lilimuuma. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Lake lilikuwepo, ila hakuna aliyethubutu kuligusa.

Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu mtumbwi wake upinduke ziwani, karibu na kisiwa cha Bumbire. Sasa alitaka kitu kimoja tu: mkewe, Verdiana, amfungulie mlango.

Aliingia. Dativa akainua macho, akayashusha upesi.

"Baridi imeingia," alisema Ildefons, akainuka kufunga dirisha. Nje jua la saa tisa lilikuwa likichoma.

Rutaihwa akaketi, akachukua viola, akapiga sehemu yake. Walikwenda pamoja hadi mwisho. Machozi yalimtoka Kagaruki, lakini hakugeuza shingo. Kisha wakafungasha vyombo vyao, wakatoka, wakamwacha na viti vitupu. Hapo Rutaihwa aliogopa. Aliogopa kweli.

Akatembea hadi kijijini kwake, Ijumbi. Njiani wanawake waliotoka sokoni waliacha kucheka walipomkaribia, wakapita pembeni. Alijiambia kwamba Verdiana hawezi kumfanyia hivyo, labda wengine wote, lakini si Verdiana.

Alimkuta kwenye kibanja chao, kati ya migomba na mibuni, akipalilia kando ya kaburi la saruji. Rutaihwa akasoma jina lililoandikwa msalabani. Lilikuwa lake.

"Verdiana, unaniona?"

Jembe liliinuka, likashuka.

"Verdiana, nimerudi nyumbani."

Mkewe alinyooka, akafuta jasho, akamtazama usoni moja kwa moja.

"Nakuona, bwana waitu. Wote wanakuona, ni mimi niliyewaomba wasikuitikie. Ziwa halikuturudishia mwili, tukazika mgomba badala yako, na katika ukoo wetu aliyezikwa haitikiwi hodi."

Akainama tena kupalilia.

"Asubuhi mkeo wa Ukerewe alinipigia simu kuuliza kama umefika salama. Ananiita wifi."