Barua ya Profesa Lugome

Sikudhani alifika chuoni asubuhi, siku ya mwisho ya kupokea maombi ya kazi ya utafiti. Shahada ya uzamivu alikuwa nayo mwaka wa tatu sasa. Kazi ndiyo hakuwa nayo. Akaweka mezani bahasha ya mdhamini wake. Watu wa vyuo wana desturi yao: mdhamini hufunga barua kwa gundi, akatia saini juu ya mfuniko, ili anayeombewa asijue kilichosemwa.

Karani, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliitazama ile saini.

"Mwanangu, Profesa Lugome si tulimzika juzijuzi?"

"Ndiye. Aliiandika mwaka jana. Nilikuwa naitunzia kazi nzuri."

"Ungeipeleka hata kwenye kazi mbovu! Kamati humpigia mdhamini simu. Nani atapokea?"

"Mama, hakuna mwingine anayeijua kazi yangu. Miaka sita tulikuwa sisi wawili tu bondeni, tunahesabu panzi."

Karani alitaka kucheka, akashindwa. Akairudisha bahasha polepole.

"Ifungue basi, ujue alikusemea nini."

Sikudhani akatoka, akakaa kwenye benchi. Akaingiza ukucha chini ya gundi, akauvuta mpaka ukagusa saini. Mkia wa herufi ya mwisho ulikuwa umepinda juu, kama alivyoandika siku zote akiwa na haraka. Sikudhani akabaki hivyo, ukucha ndani ya karatasi, mpaka kivuli cha jengo kikamfikia miguuni.