Duma, Punda na Posho ya Mjumbe

Hapo kale ukame uliingia nyikani, na mbuzi wakahitaji mjumbe wa kuwatafutia malisho mapya. Waliojitokeza walikuwa wawili, Duma na Punda. Beberu, mkuu wa mbuzi, akawataka washindane mbio mpaka kwenye kichuguu na kurudi.

Duma akachomoka kama mshale. Punda hajafika hata kwenye kichuguu, Duma alikwisha kurudi, akajibwaga chini mbele ya mbuzi, kifua kikipanda na kushuka. Mbuzi wakarukaruka, wakapiga vigelegele. Beberu naye akajiona tayari anatafuna majani mabichi.

"Huyu ndiye," akasema. "Bwana Duma, utataka posho gani?"

"Mimi sina makuu," Duma akajibu huku akitweta. "Mbuzi mmoja kwa siku. Nikishapata pumzi, hata leo naanza."

Vigelegele vikakatika. Ndipo Punda akafika, anatembea zake, wala hahemi.

"Na wewe, ndugu Punda?" Beberu akauliza kwa sauti ya chini.

"Majani mtakayobakiza yananitosha."

Beberu akamwinamia Duma kwa heshima. "Pumzika, bwana. Mshindi hakimbizwi."

Kisha akawanong'oneza wenzake, "Twendeni na Punda sasa hivi, kabla pumzi haijamrudia huyu."

Punda akaongoza njia, na siku ile hakuna mbuzi aliyekubali kutembea mwisho.