Yai la Anayeongoza

Chuo kile kinachotamaniwa na nchi nzima huchukua mtoto mmoja tu kutoka kila nyumba. Ndiyo maana kila nyumba ina kioo ukutani, kinachoonyesha nani ana nafasi zaidi. Kwetu kiko juu ya meza ya chakula. Pacha wangu Salha ana asilimia sabini, mimi thelathini. Akipanda yeye, nashuka mimi.

Yai la asubuhi Mama humpa Salha. Mimi huniambia, "Kazana, mwanangu." Na huyo Salha hulimenya taratibu mbele ya macho yangu.

Juzi akashikwa na homa. Kioo kikamshusha papo hapo.

"Mpelekee mwenzio uji ungali moto," Mama akanituma, "na dawa yake."

Nikasimama nje ya mlango wa chumba na bakuli mkononi. Salha alikuwa anatetemeka, ananiita.

"Nakuja," nikamjibu. Sikuingia mpaka uji ulipofanya utando.

"Amekunywa dawa?" Mama aliuliza baadaye.

"Amekunywa, Mama."

Hakwenda kumwangalia. Alitazama kioo, kisha akaniwekea yai mimi. Lilikuwa tamu, Mungu anisamehe.

Leo Salha amepona, na homa imehamia kwangu. Nimemsikia Mama akimtuma aniletee uji. Nimesikia hatua zake zikija mpaka mlangoni, zikasimama.

"Salha?" nimeita.

"Nakuja," amejibu.