Uso wa Mkuu

Nuriati, fundi kompyuta wa chuo, alikuwa anamalizia kuupamba mtihani wa mtandaoni: rangi ya kijani ya chuo, nembo pembeni, na juu kabisa picha ya mkuu wa chuo.

"Ikuze," alisema mkuu, amesimama nyuma ya kiti cha Nuriati.

Akaikuza.

"Tena. Na isisogee. Nataka wanione tangu swali la kwanza hadi la mwisho."

"Lakini mzee, wanafunzi wataufanyia kwenye simu."

"Binti yangu, mkuu hapa ni wewe au mimi?"

Mkubwa hakosei. Nuriati aliigandisha picha, akahifadhi. Kwenye kioo kipana cha kompyuta ya ofisini ilipendeza kwelikweli.

Kesho yake saa tatu asubuhi mtihani ulifunguka, na mfumo ukajifunga. Hakuna kubadilisha kitu mpaka muda uishe. Nuriati alikimbilia ukumbi wa mtihani. Hakuna mwanafunzi aliyekuwa akijibu swali. Vidole vilisukuma vioo juu, chini, juu tena, na katika kila simu mkuu alitabasamu, ameyafunika maswali yote.

Msichana wa kiti cha mbele alimtazama Nuriati kwa macho ya kuomba. Nuriati akatikisa kichwa. Basi msichana akashika ncha ya mtandio wake, akaanza kukisugua kioo taratibu, kama anayefuta doa.