Ubao Wenye Masikio

Ubao ambao Mwanaidi alichorea ramani za nyumba ulikuwa na masikio. Kalamu yake ilipogusa ubao ililia tik-tik, na vinasa sauti vilivyopachikwa pembeni vikaisikiliza, ndipo kompyuta ikajua mstari upite wapi. Sauti nyingine kali ikiingia kati, mstari uliruka.

Ndiyo maana hakuisha kumgombeza mumewe, Kombo, aliyependa kuchezea funguo akiwa amekaa karibu naye.

"Umeshanipindia ukuta tena, bwana."

"Ubao wako una wivu," Kombo alimjibu, na wala hakuacha.

Tangu wamzike, hakuna ukuta uliopinda.

Leo mteja aliitazama ramani yake kwenye kioo cha kompyuta, akaridhika. "Siku hizi mistari yako imenyooka kweli, mama."

"Ahsante," alisema Mwanaidi, akamsindikiza hadi mlangoni.

Aliporudi alizitungua funguo za Kombo kwenye msumari, akafungua ukurasa mtupu, akaanza kuchora ukuta mmoja mrefu. Kwa mkono wa kushoto akazitikisa. Mstari ukaruka, ukatulia, ukaruka tena.

Ukurasa uliisha. Aliinua kalamu, lakini funguo hakuziweka chini.