Pua Mpya ya Bondia

Dada yangu alisimama katikati ya studio, amevaa nguo nyeusi ya kubana iliyojaa vitufe vya kunasa mwendo. Akiinua ngumi, bondia wa kwenye skrini naye anainua. Mchezo wetu wa kompyuta wa mapigano ulianza na sura yake, pamoja na pua yake iliyopinda.

Sasa pua ya bondia ilikuwa imenyooka.

"Toleo jipya linataka sura safi," bosi alisema. "Na hadithi tumeilainisha. Ile ya kuvunjwa pua na mume ndipo akajifunza ngumi, nzito mno. Sasa alianguka ngazini utotoni, akatibiwa, yakaisha."

Bosi alidhani hadithi ile niliitunga mimi.

Nilimtazama dada. Alianguka ngazini: ndivyo alivyomwambia daktari siku ile, mumewe akiwa amesimama mlangoni anasikiliza.

"Haya mama, tuanze na ngumi," bosi alisema. "Au umechoka kabla ya kengele?"

Dada hakucheka. Alipitisha kidole taratibu juu ya pua yake, kikapanda kigongo, kikashuka. Kwenye skrini, kidole cha bondia kiliachana na ile pua laini, kikagusa hewa tupu.

"Kaka," dada alisema, "washa maiki."

"Usiwashe," bosi alisema. "Leo tunarekodi mwendo tu. Ukiwasha, kesho usije kazini."

Nikawasha.

"Sikuanguka," dada akaanza.